Gilbert White na Kobe Wake

Je, umepata kumwona kobe? Huenda umekutana naye njiani, akiwa amejificha ndani ya gamba lake kama jiwe, ukangoja mpaka ukachoka kabla hajatoa kichwa. Kobe hamwonyeshi mtu mambo yake kwa haraka. Katika somo hili utasoma habari za mtu mmoja aliyekuwa na subira ya kutosha kungoja. Mtu huyo aliitwa Gilbert White, naye alimtazama kobe mmoja kwa miaka mingi, akaandika kila alichokiona.

Gilbert White alizaliwa tarehe 18 Julai 1720 katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza. Babu yake alikuwa kasisi wa kijiji hicho. Gilbert alipokua alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, kisha naye akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Angaliweza kutafuta kazi yenye cheo kikubwa mjini, lakini alirudi kijijini kwao akaishi huko karibu maisha yake yote. Hakuoa. Alifundisha dini, alizika wafu, alilima bustani, na kila siku alitembea mashambani na msituni akiwatazama ndege, wadudu, mimea na mawingu.

Watu wengi hutazama vitu hivyo. Tofauti ya White ni kwamba aliandika. Alianza kuweka daftari la bustani yake mwaka 1751, na tangu mwaka 1768 mpaka alipofariki aliandika shajara ya viumbe na hali ya hewa. Humo utakuta siku mvua iliponyesha, siku ua fulani lilipochanua, siku ndege fulani alipoonekana kwa mara ya kwanza. Kwa kusikiliza milio tu aliweza kutambua kwamba ndege wadogo watatu waliofanana sana, ambao watu waliwachanganya, walikuwa wa aina tatu mbalimbali. Siku moja alitaka kujua kama nyuki husikia sauti, akachukua paza sauti kubwa la kuitia watu wa mbali, akapiga kelele karibu kabisa na mizinga. Nyuki waliendelea na kazi zao kana kwamba hapakuwa na mtu.

Sasa tuje kwa kobe. White alikuwa na shangazi yake, jina lake Rebecca Snooke, aliyekaa katika kijiji cha Ringmer, mwendo wa kilomita 130 hivi kutoka Selborne. Umbali huo ni kama kutoka Bukoba hadi Muleba na kurudi. Bibi huyo alikuwa na kobe aliyeishi katika ua mdogo uliozungushiwa ukuta. Kobe hakuwa mzalia wa Uingereza. Aina yake hutoka katika nchi zilizo kandokando ya Bahari ya Kati, ambako jua ni kali kuliko Uingereza. Uzito wake ulikuwa kilo 3 hivi. Alipewa jina la Timothy, ambalo ni jina la kiume.

Kila White alipokwenda kumwamkia shangazi yake alimchunguza pia yule kobe. Aliona kwamba kobe alimtambua bibi aliyemlisha. Bibi alipotokea, kobe alimwendea kwa mwendo wake wa kujikongoja, lakini wageni hakuwajali. Aliona kwamba alipenda mimea yenye utomvu mweupe, kama vile saladi na mchunga. Hata siku ndefu za kiangazi, kobe alikwenda kulala saa kumi alasiri, wala hakuamka mpaka asubuhi iliyokwisha pevuka. Jua lilipokuwa kali mno alijificha chini ya jani kubwa la kabichi. Na ingawa gamba lake lilikuwa gumu, aliogopa mvua kupita kiasi: manyunyu ya kwanza yakianza, alikimbilia pembeni na kuficha kichwa. White aligundua pia kwamba kobe akitembea asubuhi kwa kujiinua juu ya miguu na kula kwa pupa, mara nyingi mvua ilinyesha kabla ya usiku.

Lakini jambo lililomshangaza kuliko yote lilikuwa hili. Kila mwaka, kadiri ya katikati ya mwezi wa Novemba, kobe alitoweka ardhini. Hakuonekana tena mpaka katikati ya Aprili. Kwa miezi mitano hakula, hakunywa, wala hakutembea. Je, alikuwa amekufa akafufuka?

Ili uelewe jambo hili, yafaa kwanza ujue majira ya Uingereza. Ukikaa Nshambya, Bukoba, uko karibu sana na ikweta. Mchana na usiku wako hukaribia kulingana mwaka mzima, saa 12 kwa saa 12, na hata usiku wenye baridi kuliko yote hauwezi kugandisha maji. Wewe hugawa mwaka kwa mvua na kiangazi. Huko Uingereza, mbali kaskazini, mwaka hugawanywa kwa joto na baridi. Mwezi wa Desemba jua huonekana kwa muda wa saa 8 hivi tu, tena huwa chini angani na miali yake haina nguvu. Majani ya miti mingi huanguka. Maji ya madimbwi huweza kuganda yakawa barafu, na theluji huweza kufunika ardhi.

Mwili wako wewe huweza kujitengenezea joto kutokana na chakula. Ndiyo maana ukipimwa kwa kipimajoto, hali ya hewa iwe ya baridi au ya joto, mwili wako ukiwa mzima huwa na joto lile lile, karibu nyuzi 37. Kobe, kama mjusi na nyoka, ni mnyama wa jamii ya reptilia. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Jua likiwaka, damu yake hupata joto, naye hutembea na kula. Baridi ikizidi, mwili wake hupoa, moyo hupiga polepole sana, chakula hakisagiki tumboni, na miguu hukosa nguvu. Akibaki juu ya ardhi wakati wa barafu, maji yaliyomo mwilini mwake yataganda naye atakufa. Hana nguo wala moto. Ana makucha tu na udongo.

Tarehe 1 Novemba 1771 White alikuwa Ringmer, akamwona kobe anaanza kuchimba shimo lake la majira ya baridi kando ya kichaka cha maua. Alichimbua udongo kwa miguu ya mbele, akautupa juu ya mgongo wake kwa miguu ya nyuma. Miguu ilikwenda taratibu mno, hata White akaulinganisha mwendo huo na mwendo wa mshale wa saa. Hata hivyo kobe hakuacha kazi, usiku wala mchana. Lakini mwaka ule jua la adhuhuri lilikuwa na joto lisilo la kawaida. Kila ilipofika adhuhuri joto lilimwamsha kobe, naye akaacha shimo na kutoka nje. White alikaa huko mpaka tarehe 13 Novemba, akaondoka shimo halijakwisha. Tazama jinsi alivyojifunza kutokana na kazi hiyo isiyokwisha: kilichomsukuma kobe kuchimba kilikuwa baridi, na kilichomzuia kilikuwa joto. Kalenda haikumhusu.

Mwaka 1780 shangazi yake White alifariki. White akamrithi kobe. Ilikuwa mwezi wa Machi, naye kobe alikuwa bado amelala ardhini, ikabidi afukuliwe. Alipotolewa alikuwa ameamka kiasi cha kuweza kukasirika, akatoa sauti ya kufoka. Wakamtia katika sanduku pamoja na udongo, wakalipakia sanduku katika gari la farasi. Mtikisiko wa safari ulimwamsha kabisa. Walipofika Selborne wakamwachia katika bustani, akatembea mara mbili mpaka mwisho wa bustani ile mpya. Jioni ilipofika kukawa na baridi, naye akajifukia tena katika udongo mwororo, akalala kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tangu siku hiyo White hakuhitaji tena kusafiri ili kumtazama. Alimwona kila siku. Alimpima uzito katika mizani. Alimtia katika pipa la maji ili aone kama kobe wa nchi kavu aweza kuogelea. Kobe akazama polepole, akatembea chini ya pipa kwa wasiwasi mkubwa, akatolewa. (Wewe usilifanye jaribio hilo, maana jibu lake limekwisha kujulikana, na kobe aweza kufa maji.) White aliona pia kwamba wakati wa vuli, jua linapopungua nguvu, kobe huegemeza gamba lake kwenye ukuta wa bustani likae mshazari. Kwa njia hiyo alipata miali mingi zaidi ya lile jua la chini. Mnyama anayesemwa kuwa mjinga alikuwa amejua kutumia ukuta kama jiko.

Mwaka 1784 kobe alipotea. Mlango mdogo wa bustani ulikuwa wazi, naye akatoka. Alitafutwa kwa zaidi ya juma moja, mpaka akaonekana katika shamba la maharagwe. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, ikaja baridi iliyotisha. Theluji nyingi ilianguka, na kipimajoto cha White kikashuka hadi karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Mimea mingi ya bustani iliharibika. Wakati huo Timothy alikuwa amelala bustanini, hana kitu cha kumkinga ila udongo na vilivyokuwa juu yake. Hata hivyo aliishi, akaendelea kuishi kwa miaka mingine 9.

Aliwezaje? Jibu lake unaweza kulipata mwenyewe uani kwenu. Chukua makopo mawili yanayolingana, yenye vifuniko. Mwombe mtu mzima akujazie maji ya moto kiasi kile kile katika makopo yote mawili. Kopo moja liache wazi uwanjani jioni. La pili litie katika shimo lenye kina cha mkono wako kutoka kiganja hadi kiwiko, ulizungushie majani makavu ya migomba, kisha ulifukie. Baada ya saa mbili fukua na upime joto la maji ya kila kopo kwa kipimajoto, au kwa kidole kama shule yenu haina kipimajoto. Utaona kwamba maji yaliyofukiwa yamebaki na joto zaidi. Udongo mkavu na majani makavu yana hewa nyingi iliyonaswa katikati yake, na hewa iliyonaswa haipitishi joto kwa urahisi. Hata theluji, ingawa yenyewe ni baridi, ina hewa nyingi, nayo ikilala juu ya ardhi huizuia ardhi isipoteze joto upesi. Kwa hiyo mahali pa kobe palikuwa na baridi, lakini si baridi ya kugandisha.

Watu wanaofuga kobe katika nchi za baridi siku hizi hutumia maarifa hayo hayo. Humpa kobe mahali palipoinuka ambapo maji hayatuami, kwa kuwa udongo uliolowa hupoteza joto upesi na huweza kumzamisha. Huulegeza udongo ili aweze kuchimba, na huweka juu yake majani makavu au nyasi kavu, kisha kifuniko cha kuzuia mvua. Wengine humlaza katika sanduku lililo ndani ya sanduku kubwa zaidi, katikati wakajaza nyasi kavu, na kuacha matundu ya hewa yasiyopenyeka panya. Joto linalotakiwa ni kama nyuzi 5. Likishuka chini ya sifuri, macho ya kobe huweza kuharibika, au hufa. Likizidi nyuzi 10, huamka nusu, akaanza kutumia akiba ya mwili wake bila kupata chakula, naye hudhoofika. Tena hawamlazi kobe aliyetoka kula, kwa sababu chakula kitaoza tumboni kikimngoja kusagwa. White alikuwa ameona kwamba kobe wake mwenyewe hupunguza kula vuli inapoingia.

Kama kuna kobe anayefugwa jirani na kwenu Nshambya, usimfukie! Yeye hana majira ya barafu ya kukimbia. Kobe wakubwa wa Kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Zanzibar, ambao wazazi wao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli, nao hawalali usingizi huo, maana bahari ya huko haina baridi. Bukoba hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za Tanzania, kama milimita 2000 kwa mwaka, na adui wa kobe wa kufugwa huko ni matope, siafu na mbwa. Kibanda chake kiinuliwe kidogo kutoka ardhini, paa lake lisivuje, na sakafu iwe na majani makavu yanayobadilishwa yakilowa. Wala usimchukue kobe wa porini kumfanya wako. Sheria ya nchi hairuhusu kukamata wanyama wa porini bila kibali.

Usingizi wa kobe ulimfanya White awaze juu ya viumbe wengine. Kila mwaka, vuli ilipoingia, mbayuwayu waliokuwa wakiruka juu ya Selborne walitoweka, na mwezi wa Aprili wakarudi, karibu sawa na siku za kobe. Walikwenda wapi? Watu wengi wa wakati huo waliamini kwamba ndege hao hujificha katika mashimo, au hata chini ya maji, wakalala kama kobe. White hakutaka kuamini wala kukataa bila kuona. Aliwatuma watu wakachimbe na kupekua vichaka vya kilima kilichokuwa juu ya kijiji. Hawakupata hata ndege mmoja. Ndugu yake John, aliyeishi Gibraltar, mahali Ulaya inapokaribiana na Afrika, alikuwa amewaona mbayuwayu wakivuka bahari. White aliipokea habari hiyo, akakubali kwamba ndege wengine husafiri. Lakini wazo kwamba baadhi yao hubaki wamelala halikumtoka mpaka alipokufa. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu kila majira ya baridi alikuwa na mfano mbele ya macho yake: kiumbe aliyetoweka, naye kumbe yuko chini ya udongo wa bustani.

Mwezi wa Mei 1911, mbayuwayu mmoja alivishwa pete ndogo mguuni huko Uingereza. Mwezi wa Desemba 1912 ndege huyo mwenye pete alikamatwa Natal, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 9000 kutoka alikovishwa. Hivyo wale ndege ambao White aliwatafuta vichakani walikuwa huku kwetu Afrika. Wewe wa Nshambya unaweza kuwaona, kati ya Oktoba na Aprili, wakiruka chini chini wakikamata wadudu juu ya nyasi na kandokando ya Ziwa Viktoria. Ungaliweza kumjibu White swali lake kwa kuinua macho tu.

White aliwaandikia marafiki wawili wataalamu barua nyingi juu ya mambo hayo. Barua hizo zilikusanywa zikawa kitabu kilichotolewa mwishoni mwa mwaka 1788, na mwaka uliopigwa chapa juu yake ni 1789. Ndani yake kuna barua iliyoandikwa mwaka 1777 juu ya nyungunyungu, wakati wakulima wengi waliwaona kuwa waharibifu. White alieleza kwamba nyungunyungu hutoboa udongo na kuingiza ndani yake majani na nyasi, hata mimea ikastawi. Mkulima wa migomba anayetandaza nyasi kavu shambani mwake anajua kazi hiyo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1881, Charles Darwin alitoa kitabu kizima juu ya nyungunyungu.

Gilbert White alifariki Selborne tarehe 26 Juni 1793, akiwa na umri wa karibu miaka 73. Kaburi lake lina jiwe dogo lenye herufi mbili za jina lake na tarehe. Nyumba yake imekuwa jumba la makumbusho. Kobe alibaki bustanini bila mwenyewe, akalala usingizi wa majira ya baridi mara moja zaidi, akafa mwaka 1794. Alikuwa amekaa Uingereza kwa zaidi ya miaka 50, nchi isiyokuwa yake, na kila mwaka aliipita baridi yake akiwa chini ya ardhi.

Gamba lake lilihifadhiwa, nalo limo katika jumba la makumbusho ya viumbe mjini London. Wataalamu walipolichunguza baadaye waligundua jambo ambalo White, pamoja na kutazama kwake kote, hakulijua. Chini ya tumbo la kobe dume wa aina hiyo gamba huwa limebonyea ndani, na la jike huwa bapa. Gamba la Timothy ni bapa. Katika Kiswahili hatupati taabu, maana husema yeye kwa dume na kwa jike, lakini katika lugha ya White alikuwa ameandikwa kuwa mwanamume kwa miaka yote hiyo.